Fulana za bonanza na ruhusa ya msiba: kisa cha kiwanda kimoja cha korosho Mtwara

Kiwanda chenyewe kiko ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani na kazi yake ni kubangua korosho. Sitakitaja jina, kwa kuwa mwenye nacho alinifungulia madaftari yake kwa sharti hilo. Wafanyakazi wengi ni akina mama wa Magomeni, Chikongola na vijiji vya njia ya Naliendele. Wachache wana mkataba wa mwezi: fundi wa boila, makarani wa mizani, walinzi, wasimamizi. Waliobaki wanalipwa kwa kilo. Kinachotoka kizima na kisafi ndicho kinachopimwa, na ndicho mtu anachokwenda nacho nyumbani.

Mkurugenzi, aliyeniita nimshauri, alinieleza shida yake kwa maneno mawili: watu hawakai. Hasara ya jambo hilo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, maana kubangua hakujifunzwi kwa wiki moja. Mguu unakanyaga, mkono unaelekeza, na korosho isipolala sawasawa kati ya visu, kiini kinakatika. Kiini kizima na kilichokatika havina bei moja. Daraja la W320, ambalo linajulikana sana kwenye biashara ya korosho duniani, ni viini vizima 300 hadi 320 katika ratili moja, karibu gramu 454. Kikivunjika kinashushwa kwenye vipande na bei inashuka nacho. Kwa hiyo kila mama mwenye mkono mwepesi alipoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na mgeni, kiwanda kilikuwa kinageuza nzima kuwa vipande.

Waliokuwa wanaondoka hawakuwa wanakwenda mbali. Wengine walihamia kwa mbanguaji mwingine kwa tofauti ya shilingi chache, wengine walirudi shambani, wengine walianza kuuza samaki. Waliobaki walikuwa kimya vikaoni. Ukiwauliza kama kuna tatizo, wanasema hakuna, kisha wanatazama chini. Mkurugenzi alikuwa amesikia kwamba kampuni inayowekeza kwenye ukaribu na ustawi wa watu wake hujenga utamaduni unaowafanya wabaki. Aliliamini hilo, na mimi naliamini. Swali lilikuwa fedha ziingie wapi.

Fedha za kwanza

Ziliingia kwenye bonanza. Jumamosi moja wafanyakazi walichukuliwa kwa mabasi hadi ufukwe wa Msimbati, wakapewa fulana za rangi moja zenye nembo, wakala pilau, wakacheza muziki wa spika kubwa. Kulikuwa na kuvuta kamba na kukimbia na magunia. Uongozi ukahutubia kwamba sisi sote ni familia moja. Picha zilipendeza, na baada ya hapo watu waliendelea kuondoka kama zamani.

Nilipowauliza akina mama kuhusu siku ile, wote waliisifu pilau kwanza, kwa adabu. Mengine yalikuja baadaye, nikiwa nimekaa nao kwenye kivuli wakati wa chakula. Jumamosi kwao ni siku ya kazi. Anayelipwa kwa kilo, siku asiyobangua hana kitu. Wenye mshahara wa mwezi walikwenda Msimbati na siku yao ikahesabiwa. Mbanguaji alikwenda Msimbati na siku yake ikapotea. Katika basi moja walikaa watu waliolipwa kuja na watu waliogharamia kuja, na hakuna aliyekaa ofisini aliyeliona hilo, kwa sababu wote waliopanga shughuli walikuwa wa mshahara. Zaidi ya hapo, timu za kuvuta kamba zilipangwa kwa vitengo: boila upande huu, wabanguaji upande ule, wamenyaji, wale wanaotoa ngozi nyembamba ya kiini, wakisubiri zamu. Vitengo hivyo vilikuwa vinanuniana tangu zamani, kwa sababu nitakazozieleza, na kamba haikusaidia.

Sipingi bonanza. Watu wa Kusini wanapenda shughuli, na siku ya kucheka pamoja ina thamani yake. Ila kuna ushahidi wa kutosha kwamba ukimshughulikia mtu na kuiacha kazi yake kama ilivyo, hupati kitu. Mwaka 2024 William Fleming, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki programu za ustawi za mtu mmoja mmoja, kama mafunzo ya kuhimili msongo, mazoezi ya kutuliza akili na programu za simu, na wenzao wasioshiriki. Walioshiriki hawakuwa na hali bora zaidi. Kilichoonyesha dalili nzuri kilikuwa kujitolea kwenye kazi za hisani. Hao ni wafanyakazi wa Uingereza, na kubangua korosho Mtwara ni kazi tofauti kabisa. Lakini mantiki yake niliiona waziwazi Mtwara: fulana inavaliwa juu ya mwili uliochoka, na Jumatatu kilichouchosha kinaendelea palepale.

Msiba wa Kitangari

Miezi kadhaa baada ya bonanza, mama mmoja wa kitengo cha kumenya alifiwa na mjomba wake Kitangari, Wilaya ya Newala. Akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Msimamizi ni kijana mwenye stashahada, mtu wa mkoa mwingine, na alikuwa ameambiwa wazi kwamba mahudhurio ya kitengo ndiyo yatakayompima. Akafungua kanuni za kiwanda, ambazo zimenakiliwa kutoka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufariki, au anapofariki mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Na siku hizo 4 ni jumla ya mzunguko mzima wa likizo, yaani kipindi ambacho sheria inahesabia haki za likizo, hata ukifiwa mara tatu. Mjomba hayumo.

Kwa karatasi, kijana hakukosea. Lakini Wamakonde, kama Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa mila wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa za wapwa zake, kwenye jando lao, kwenye mashauri ya ukoo na mali yake. Sheria iliyoandikwa kwa nchi nzima imemtaja ndugu wa kuzaliwa na kumwacha mtu ambaye, katika nyumba nyingi za Newala na Tandahimba, ndiye mhimili.

Mama akamwambia, "Mwanangu, nisipomzika huyu, siku yangu mimi nitazikwa na nani?" Kijana akajibu kwa upole, "Mama, mimi nafuata karatasi." Mama akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akaondoka.

Kesho yake meza yake nzima, yaani wote wanaomenya naye meza moja, haikufika. Meza ya jirani ilipungua nusu. Ofisi ikaandika neno mgomo, na barua za onyo zikaanza kuchapwa.

Haukuwa mgomo. Walikuwa wamekodi gari na kupanda Newala kuzika. Fedha za gari zilitoka kwenye mfuko wao wa kufa na kuzikana, ambao ofisi nzima haikujua kuwa upo. Nilioneshwa daftari lake: daftari la shule la kawaida, pembe zimeliwa, majina yamepangwa kwa meza. Kila siku ya malipo kila mtu anatoa kiasi kidogo. Kuna mweka hazina, kuna katibu, kuna faini kwa asiyefika msibani bila udhuru, kuna kiwango cha mchele na cha fedha kinachokwenda kwa mfiwa, na kiwango kingine aliyefiwa akiwa mwenyewe ni mgonjwa. Safu ya mwisho imeandikwa nani alilala matanga na nani alirudi siku ileile. Kanuni zake ni kali kuliko za kiwanda na zinafuatwa kuliko za kiwanda.

Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo. Uongozi ulikuwa unatafuta kujenga ukaribu kati ya wafanyakazi, na ukaribu ulikuwepo, umejipanga, una hazina na katiba, hatua chache kutoka meza ya msimamizi. Kitu pekee ambacho kiwanda kilikuwa kimeufanyia hadi siku ile ni kuuandikia barua ya onyo. Sidhani kiwanda hiki kiko peke yake. Maofisa wengi wa rasilimali watu niliokutana nao wanaanza na ukurasa mtupu, kana kwamba watu wao hawakuwa na uhusiano wowote kabla ya kampuni kuamua kuugharamia.

Kilichobadilika kwenye ruhusa

Barua za onyo zilifutwa kwanza. Nilisisitiza hilo lifanyike mbele ya watu na liambatane na maneno ya pole kwa mfiwa, kwa sababu barua inayofutwa kimya kimya ofisini huendelea kuishi kwenye meza za kazi.

Kisha ruhusa ya msiba ikaandikwa upya. Siku 4 za sheria zilibaki kama zilivyo. Juu yake kiwanda kiliongeza siku 2 kwa mazishi ya mtu yeyote ambaye meza ya mfanyakazi inathibitisha kuwa ni wake wa karibu, na siku hizo zinalipwa kwa wastani wa kilo zake za wiki mbili zilizopita. Mhasibu aliogopa kwamba watu watafiwa kila wiki. Hofu yake ilikuwa ya haki, na jibu lake lilitoka kwa akina mama wenyewe: anayedanganya msiba atawadanganya watu ambao jioni ileile watakuwa njiani kwenda kwake na mchele. Uongo wa namna hiyo unaweza kuuambia ofisi. Meza huwezi kuiambia.

Lori dogo la kiwanda, lile la kubebea makasha, likaruhusiwa kupeleka watu msibani ndani ya mkoa dereva akiwa hana mzigo. Gharama ni mafuta. Katika yote yaliyofanyika, sijui kama lipo lililozungumzwa mitaani zaidi ya hilo.

Palikuwa na mvutano mmoja mkubwa. Ofisa utumishi alitaka mfuko wa akina mama usajiliwe, ufunguliwe akaunti benki, na mkurugenzi awe mlezi wake. Nia ilikuwa njema. Nilipinga, na ningepinga tena. Mfuko ule una nguvu kwa sababu ni wao wanaomjua mdaiwa na ni wao wanaomsamehe. Ukiuingiza chini ya ofisi, siku ya kwanza mtu atakapogombana na msimamizi wake atajiuliza kama akifiwa atapewa. Tulikubaliana kwamba kiwanda kitoe rambirambi kama mchangiaji mmojawapo, jina lake liandikwe kwenye daftari lilelile, na mkurugenzi akiweza afike mwenyewe akae mkekani. Alifika kwenye msiba uliofuata, Nanguruwe. Alikaa, akala, akaondoka bila hotuba.

Mikono

Mtu anayezungumzia ustawi wa wabanguaji bila kuanza na mikono hajawahi kukaa nao. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Yakigusa kidole mara moja yanaacha doa. Yakigusa kutwa nzima ngozi inakuwa nyeusi, inakauka, inachunika, na chini yake panabaki nyama laini inayouma hata kwa maji ya chumvi. Mama mmoja alinionesha ncha za vidole vyake zilizolainika kama sabuni iliyotumika. Alikwenda kusajili laini ya simu, mashine ya wakala ikakataa kusoma alama zake, akarudi kesho yake, ikakataa. Mwingine aliniambia harusini anakaa na mikono ndani ya khanga.

Glovu zilikuwepo, zimefungiwa stoo, na ukipoteza unakatwa. Isitoshe zilikuwa nene, zinapunguza mwendo, na anayelipwa kwa kilo hawezi kukubali kupunguziwa mwendo. Kwa hiyo akina mama walijipaka majivu au mafuta ya kula waliyotoka nayo nyumbani, yaani walikuwa wanalipia kinga yao wenyewe, ingawa usalama wa mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Ufumbuzi ulikuwa wa kawaida sana. Zililetwa aina tatu za glovu, wabanguaji wakazijaribu kwa siku kadhaa huku wakilipwa wastani wao, wakachagua moja. Bakuli la mafuta likawekwa kila meza, linajazwa na kiwanda asubuhi na mchana. Bomba la maji na sabuni likasogezwa karibu na mahali pa kula. Makato ya glovu yakaondolewa. Ukilinganisha gharama hiyo na ile ya mabasi, fulana, spika na pilau, utaona kwamba kiwanda hakikuwa na uhaba wa fedha za ustawi.

Jambo la watoto wachanga lilifanana na hilo. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Kwenye malipo ya kilo, saa hizo zinageuka hasara yake mwenyewe, hivyo hakuna aliyekuwa anazichukua. Waliacha watoto kwa bibi zao na kurudi nyumbani matiti yamejaa. Chumba kilichokuwa cha magunia matupu kikasafishwa, kikatandikwa mikeka, na saa hizo zikaanza kulipwa kwa wastani. Nashauri kila kiwanda cha malipo ya kilo kipitie orodha ya haki zake na kuuliza swali moja: ipi kati ya hizi mfanyakazi akiitumia anaumia mfukoni?

Kwa nini boila na wabanguaji walinuniana

Niliahidi kulieleza hili. Korosho ghafi haipasuliwi ikitoka guniani. Inavukizwa kwanza kwenye boila ili ganda lilegee, kisha inaachwa ipoe vizuri, kwa kawaida usiku kucha. Ikipasuliwa bado ina joto, au ikivukizwa kidogo mno, kiini kinavunjika. Ikizidishiwa mvuke, kiini kinachafuka kwa mafuta ya ganda. Baada ya kubanguliwa inaingia kwenye oveni ili ngozi nyembamba iachie. Ikikauka mno inakatika mikononi mwa mmenyaji, isipokauka vya kutosha ngozi inang'ang'ania. Kwa hiyo kosa la mtu wa boila linaonekana kwenye mzani wa mbanguaji, na kosa la mtu wa oveni linaonekana kwenye mzani wa mmenyaji. Anayekosea ana mshahara wa mwezi. Anayekatwa ni mwenye kilo.

Mtu akikaa katika mpangilio huo miaka miwili hatamchukia mwenzake kwa sababu ya tabia yake. Atamchukia kwa sababu ya mfumo, na hata umpeleke ufukwe gani, atarudi na chuki yake.

Tulianzisha kikao cha Jumatatu asubuhi, dakika 20, kabla mashine hazijawashwa. Mtu mmoja kutoka kila meza, mmoja wa boila, mmoja wa oveni, karani wa mzani. Msimamizi anazungumza wa mwisho. Muda wa kikao unalipwa. Wiki za kwanza palikuwa na kimya kile kile cha kutazama chini. Kilichofungua midomo ni fundi wa boila mwenyewe, mzee mmoja ambaye kila mtu humwita Babu. Alisema korosho za Jumamosi zilitoka zikiwa na joto kwa sababu aliamriwa awahishe, kontena linasubiri bandarini, na alijua zitavunjika. Alisema hivyo mbele ya msimamizi aliyemwamuru. Wabanguaji waligeuka kumtazama. Walikuwa wamemlaani mzee yule Jumamosi nzima.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, aliwahi kukutana na jambo la namna hii hospitalini, miaka ya 1990. Alitarajia kwamba timu bora za wauguzi zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonesha kinyume: timu zenye mahusiano mazuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba kule watu hawakuogopa kuyasema. Hili liliwahi kumtia wasiwasi mkurugenzi wetu, kwani miezi miwili ya mwanzo daftari la kasoro lilinenepa. Alidhani hali imeharibika. Nilimwomba asubiri, na asimwadhibu mtu hata mmoja kwa alichokiandika mle. Alitimiza.

Baada ya maneno ya Babu, kiwanda kiliweka kanuni kwamba korosho ambayo haijalala ikapoa haigawiwi mezani, hata kontena likisubiri. Na ikigawiwa kwa dharura, kilo za siku hiyo zinalipwa bila kupunguza vipande. Ofisi sasa inalipa gharama ya haraka yake yenyewe.

Ubao wa getini

Ustawi mwingine wote unayumba korosho ikiisha. Msimu unafunguka Oktoba, minada ya vyama vikuu vya ushirika vya wakulima kama MAMCU na TANECU inaanza chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho za wakulima hukusanywa maghalani na kuuzwa kwa pamoja, na mbanguaji wa ndani anashindana na wanunuzi wanaopeleka korosho ghafi India na Vietnam, ambako sehemu kubwa ya korosho yetu inakwenda. Kiwanda kidogo kinanunua kinachoweza, kinahifadhi, kinabangua hadi ghala liishe. Likiisha, watu wanarudi nyumbani hadi msimu mwingine.

Zamani walikuwa wanajua kwa kukuta geti limefungwa. Mkurugenzi alikuwa na hoja: akitangaza mapema, watu wataondoka kabla. Lakini watu wa Mtwara wana kumbukumbu ndefu kuhusu viwanda vya korosho. Vile vikubwa vilivyojengwa kwa fedha za umma miaka ya 1970, Mtwara, Newala, Masasi, Lindi na kwingineko, vingi vilisimama katika miaka ya 1980, na baadhi vikaishia kuwa maghala. Wako bibi waliofanya kazi humo, na wajukuu zao ndio wanaobangua leo. Mtu wa namna hii humwambii ni familia halafu ukamfichia tarehe ya kufunga.

Sasa kuna ubao getini. Kila Jumamosi jioni karani anaandika idadi ya magunia yaliyobaki na wiki zinazokadiriwa. Mara ya kwanza wachache waliondoka mapema, kama mkurugenzi alivyohofia. Wengi zaidi walibaki hadi gunia la mwisho, wakapanga kilimo chao, wakapunguza kukopa. Kiwanda kilipofunguliwa tena, wasimamizi walipiga simu meza kwa meza, na meza nyingi zilirudi zikiwa na watu walewale. Mweka hazina wa mfuko wa msiba ndiye aliyekuwa na namba za simu sahihi. Ofisi ilikuwa na namba za zamani.

Yasiyofanikiwa

Sanduku la maoni halikupata karatasi hata moja ya maana. Kuandika ni kazi ya mtu wa ofisi, na mwandiko unajulikana. Timu ya mpira iliundwa, ikawa ya vijana wa boila na walinzi, akina mama hawakuwa na muda nayo baada ya kazi. Uji wa asubuhi ulianza vizuri, ukasimama mzabuni alipopandisha bei, ukarudi, na kwa sasa unategemea hali ya fedha. Ngoma za unyago na jando, zinazojaa likizo za shule za Juni na Desemba, bado zinapunguza watu ghafla, na hatujapata njia nzuri ya kuziweka kwenye ratiba mapema ingawa kila mtu anajua zitakuwepo.

Wasimamizi ndio wanaonisumbua zaidi. Tulishughulika na akina mama, tukashughulika na mkurugenzi, na kijana yule wa karatasi akabaki katikati, anapimwa kwa mahudhurio na kilo kama zamani, huku akitakiwa awe na moyo mpya. Ameongezewa kipimo kimoja, cha watu wangapi wa kitengo chake wamerudi msimu mpya. Hiyo ni hatua, lakini bado hajapewa mafunzo yoyote ya kusimamia watu, na wala hana mahali pa kupeleka mzigo wake mwenyewe. Ni mgeni Mtwara, hana ndugu hapa. Katika misiba miwili iliyopita akina mama walimwita apande gari, akapanda. Hilo hawakuambiwa na mtu.

Kuhusu matokeo, daftari la mahudhurio limetulia, hasa Jumatatu, na vipande vimepungua. Sitadai yote yametokana na haya niliyoyaeleza, maana msimu huohuo kiwanda kiliongeza malipo ya kilo kidogo, na korosho zilizonunuliwa zilikuwa na ubora mzuri. Ninachoweza kukisimamia ni kwamba waliohojiwa wakirudi walitaja msiba, mafuta ya mikono na ubao wa getini kabla ya kutaja bei.

Bei yenyewe haijaisha. Wamenyaji wa korosho ndogo wanalipwa kwa kilo bei ileile ya wa korosho kubwa, ingawa kilo moja ya ndogo ina viini vingi zaidi vya kumenya. Wanasema, na wana haki, kwamba hakuna bakuli la mafuta litakaloziba pengo hilo. Mkurugenzi ameagiza mhasibu apige hesabu ya viwango viwili tofauti kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba, na wamenyaji wameomba karani wa mzani akae na mhasibu wakati wa kupiga hesabu hiyo. Ombi lao limekubaliwa.